Kiti cha Mwalimu Melkiori

Jumatatu, 13 Julai 1998

Baridi kali asubuhi. Vyeti vya ubatizo kumi na vinne kabla ya saa nne. Utepe wa taipu umeisha wino, herufi zinatoka kama moshi. Paroko anasema tuvumilie mpaka mwezi ujao. Navumilia.

Basi la Kasulu limeleta bahasha. Ndani barua mbili. Moja ya Paroko. Nyingine ina jina la Mwalimu Melkiori, mwandiko wa mtu mzee, mistari inapanda na kushuka. Paroko amesoma yake kwa sauti, nikiwa nimesimama mlangoni. Jumamosi tarehe 25, saa tisa alasiri, kanisani Kasulu, kutapigwa muziki wa klasiki. Wapigaji wanne kutoka Ulaya. Fidla mbili, fidla moja kubwa zaidi, na ile kubwa kabisa inayoshikwa kati ya magoti, selo. Hakuna kiingilio. Mkubwa wao ni Bruda Gustavu, aliyefundisha seminari Burundi miaka mingi. Anaomba kwamba kama Melkiori yu hai na yuko kwetu, apelekwe bila kukosa.

Landrova ina nafasi sita. Baltazari dereva. Paroko. Masista wawili. Mwenyekiti wa kwaya. Inabaki moja, ya Melkiori. Paroko akavua miwani, akaongeza: mzee akikosa kibali cha kutoka kambini, nafasi ni yako, Dafroza.

Nikasema asante, Baba. Nikarudi kwenye vyeti. Nimekosea majina mawili.

Alhamisi, 16 Julai

Siku ya kwaya. Mwalimu amefika saa nane na baiskeli yake isiyo na breki. Tangu mwaka jana, wakimbizi wote waliporudishwa kambini, anaruhusiwa kutoka Alhamisi tu, kuja kutufundisha, hapahapa Kibondo, arudi kabla jua halijazama. Zamani alilala kwenye chumba cha nyuma ya jiko la parokia. Jioni alinifundisha nota kwenye ubao wa katekisimu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimeimba sauti ya pili tangu utoto bila kujua naimba nini. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kila sauti ina mahali pake pa kukaa.

Nimempa barua. Akaisoma amesimama. Akakaa kwenye benchi, akaisoma tena. Akacheka, kisha akajifuta uso kwa kofia. Hajamwona Bruda Gustavu kwa miaka zaidi ya ishirini. Ndiye aliyemwekea fidla begani akiwa mtoto wa miaka kumi na minne. Yeye huiita violoni. Ya kwake iliachwa imetundikwa ukutani siku waliyokimbia Burundi. Baadaye akasikia nyumba imeteketea.

"Mwanangu," akaniambia, "ile karatasi ya kibali isilale."

"Haitalala, Mwalimu."

Nilijibu upesi sana.

Karibu miaka mitano ananisimulia habari za hizo fidla. Jinsi watu wanne wanavyokaa kama familia inayokula, kila mmoja anaongea na wote wanasikizana. Mimi nimezisikia kwenye kaseti ya Paroko tu, nayo ilimezwa na redio ikakatika. Yeye ameshazisikia kwa masikio yake. Amezipiga kwa mikono yake. Mimi bado. Sijui kwa nini nimeandika hivyo.

Ijumaa, 17 Julai

Barua ya kuomba kibali nimeichapa asubuhi. Paroko amesaini, nimegonga muhuri. Ofisi ya kambi inataka barua siku chache kabla. Baltazari alikuwa anapeleka mbegu kambini saa sita. Alipiga honi mara mbili nje ya dirisha langu. Nilikuwa kwenye daftari la ndoa. Akaondoka.

Barua imebaki kwenye droo. Nimesahau.

Jumamosi, 18 Julai

Kuchambua maharage na Mama. Ameniuliza nina nini, mbona natupa mazuri nabakiza mawe. Nimesema kichwa kinauma.

Jumatatu, 20 Julai

Baltazari amekwenda tena kambini. Nilimwona akijaza maji kwenye rejeta. Droo ilikuwa wazi. Barua ilikuwa juu kabisa, imelala chali, muhuri unaonekana. Nikachukua kalamu nyekundu iliyokuwa pembeni yake. Nikafunga droo.

Ijumaa sikusahau. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilisikia honi ya kwanza. Nilisikia ya pili. Mkono ulikuwa juu ya barua.

Nina miaka thelathini na nne. Mume niliyeolewa naye alikwenda Tabora na hakurudi. Sijawahi kwenda mbali kuliko Kasulu. Nachapa majina ya watoto wa watu. Kitu kimoja tu kizuri kinapita karibu na mlango wangu, na nafasi ni moja, na ni ya mtu ambaye alikwisha kukipata akiwa kijana. Ndivyo ninavyojiambia. Neno ukilisema mara tatu linafanana na haki.

Bado kuna kesho. Naweza kuipeleka kesho.

Jumanne, 21 Julai

Sikuipeleka.

Alhamisi, 23 Julai

Amekuja mapema, kabla ya saa nane. Amenyoa. Amevaa koti la kijivu la jirani yake wa kambini, mabega yanamning'inia. Aligeuka nimtazame mgongoni. Akauliza kama linafaa mbele ya watu. Nikasema linafaa.

"Kibali je, mwanangu?"

"Bado hakijarudi, Mwalimu."

Sikumtazama. Nilitazama kifungo cha koti. Mwenyekiti wa kwaya akadakia kuwa hao wa ofisi ya kambi ndivyo walivyo, wanakalia karatasi za watu. Wanakwaya wote wakaitikia. Waliwasema wale watu wa ofisini kwa muda mrefu. Nami nilitikisa kichwa pamoja nao. Watu ambao hata karatasi hawajaiona.

Mwalimu akasema labda kesho. Akatufundisha kama kawaida. Alipoondoka alilikunja koti akalifunga kwenye keria ya baiskeli asilichafue kwa vumbi. Paroko alikuwa amemweleza habari ya nafasi. Akaniambia, akiwa ameshapanda baiskeli, "Ikishindikana uende wewe. Afadhali wewe kuliko mwingine. Wewe utaelewa."

Ningetaka anitukane.

Ijumaa, 24 Julai

Nimepiga pasi gauni la kitenge. Mama aliuliza kama kibali cha mzee kimepatikana. Nikasema hapana. "Imana irabizi," akasema, Mungu anajua, akaendelea kusonga ugali.

Ndilo ninaloliogopa.

Jumamosi, 25 Julai. Kasulu, nyumba ya wageni ya masista

Naandika kabla ya chakula cha jioni. Wenzangu wako uani wanaongea na kucheka. Nimesema nimechoka kwa safari. Ni kweli pia. Mvua za mwaka jana ziliila barabara, tulishuka kusukuma gari mara mbili. Saa sita njiani. Tulipofika nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

Kanisa lilijaa. Watu walitoka Kitanga, walitoka Kagerankanda, wengine kwa miguu tangu alfajiri. Wenye maduka wa mjini walikuja na kanzu zao, wakakaa upande wa dirisha. Mbele ya altare viti vinne na vyuma vya kuwekea karatasi za nota. Sista mmoja wa Kasulu akauliza mgeni wa Kibondo ni nani. Mwenyekiti wetu akanionyesha mimi. Sista akanishika mkono, akanipeleka mpaka mbele kabisa, kwenye kiti cha peke yake kilichowekwa karibu na wapigaji. Mgongoni kimebandikwa karatasi. Jina lake. MELKIORI, kwa mwandiko uleule unaopanda na kushuka.

Nilikaa. Kanisa zima linanitazama. Nilikaa juu ya jina lake.

Wakaingia. Wanawake wawili, mwanamume mmoja, na Bruda Gustavu, mrefu, amepinda, nywele nyeupe tupu. Mikono inamtetemeka. Kabla hajakaa alitazama kiti changu. Akaniona. Akatazama mlango. Akatazama tena kiti. Kisha akaiweka fidla begani na mikono ikatulia, kama mtoto aliyebebwa.

Kwanza walikuwa wanalinganisha nyuzi tu. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo kazi yenyewe. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wale wanne wakacheka, wakainama. Nami nilijua si yenyewe. Alinifundisha.

Halafu wakaanza kweli.

Siwezi kuandika jinsi ilivyokuwa. Nitaandika nilichoona. Waliinua nyuta za fidla pamoja wakavuta pumzi pamoja, nikazisikia pumzi zao. Sauti ilitoka kwenye mbao, si kwenye watu, lakini ilikuwa na koo. Selo niliisikia tumboni na kwenye mbao za kiti kabla ya masikio. Nikaifuata sauti ya pili, fidla kubwa, ile ambayo hakuna anayeisikiliza, sauti yangu. Ilikuwa inafanya kazi chini ya wengine bila kuonekana, na bila yake wangeanguka. Nilielewa kila kitu. Alisema nitaelewa. Kila nilichoelewa kilikuwa chake. Sikuwa na kitu changu mle ndani zaidi ya uongo wangu.

Watu walipiga makofi kila waliponyamaza, hata pasipostahili. Mtoto alilia akatolewa nje. Kunguru walitembea juu ya bati. Yote yalikuwa mazuri mno. Sikufurahi hata mara moja. Hapana, si kweli. Mara moja nilifurahi, kwa muda wa kumeza mate, nilisahau mimi ni nani. Nilipokumbuka ilikuwa kama mtu kunimwagia maji.

Mwisho Bruda akasimama peke yake. Akazungumza Kirundi. Kirundi safi, kinachofanana na Kiha chetu, sisi Waha wote tulimwelewa. Akasema anataka kupiga wimbo mfupi ulioandikwa na mwanafunzi wake akiwa na miaka kumi na saba. Kijana aliandika jinsi mama yake alivyokuwa akiita ng'ombe jioni. Akasema, mwandishi wake alipaswa kuwa hapa leo, kwenye kiti kile.

Akapiga. Ni wimbo wa ukurasa mmoja tu. Unaanza chini, unaita, unangoja. Unaita tena juu kidogo. Nimemsikia bibi yangu akiita hivyohivyo. Karibu na mwisho alipunguza mwendo sana mpaka nilidhani amesahau. Kisha ng'ombe wakaja.

Watu wote waliona nikilia. Wakadhani ni furaha.

Baadaye alinijia moja kwa moja. "Melikiyori ari hehe?" Yuko wapi? Nikamwambia kibali hakikutoka. Nilisema kwa lugha ya nyumbani na uongo ukawa mzito zaidi kuliko kwa Kiswahili. Hakukasirika. Alisema daktari amemkataza safari, amekuja kwa ajili ya huyu mmoja. Melkiori hajui kama ule wimbo bado upo, maana karatasi yake aliipoteza seminari. Bruda ndiye aliyeitunza nakala. "Tunaondoka Jumatano," akasema. "Mjaribu tena. Nitampa mwenyewe mkononi. Nitampigia akae pale."

Wanatuita kula. Siendi.

Jumapili, 26 Julai

Misa Kasulu, kisha njiani. Masista waliimba njia nzima. Paroko aliniuliza mbona niko kimya, je, muziki haukunipendeza? Nilisema ulinipendeza. Sikupokea komunyo na aliona.

Jumatatu, 27 Julai

Nilimngoja Paroko mlangoni kabla hajafungua ofisi. Sikutaka maungamo. Kwenye maungamo angelazimika kunyamaza na mimi ningelazimika kupona. Nilifungua droo mbele yake nikaitoa barua. Nikasema, Baba, haikutoka humu. Niliiacha makusudi.

Alikaa muda mrefu akiitazama sahihi yake mwenyewe. Alisema neno moja, "Dafroza." Halafu: "Andika nyingine. Tarehe ya leo. Peleka mwenyewe."

Nikaazima baiskeli ya Baltazari. Ofisi ya kambi, ofisa kijana, mpole, macho mekundu kwa vumbi. Akaisoma, akauliza mzee anakwenda kufanya nini Kasulu. Nikasema kumwona mwalimu wake. Akasema hilo ni jambo jema. Akaandika, akagonga muhuri. Sikukaa hata saa moja. Aliniambia, mngeleta wiki iliyopita angekwenda na gari lenu.

Hawa ndio tuliowasema.

Nilimpelekea Mwalimu kibali nyumbani kwake. Turubai, bustani ndogo ya lengalenga, mchicha wa kwao, kila kitu kimefagiwa. Alipokiona alinishika mikono yote miwili. Nilishindwa kusema. Nilimwambia tu Bruda yupo mpaka Jumatano, kuna lori la mahindi alfajiri, nitamsindikiza.

Jumanne, 28 Julai. Kasulu

Tumesafiri juu ya magunia. Koti la jirani, na kofia. Alikuwa na furaha ya kijana. Alinitaka nimsimulie, kisha akanizuia, "Hapana, usiseme, nitasikia mwenyewe." Mahali fulani kwenye vilima, lori lilipokuwa linapanda polepole, akakitoa kibali akakisoma upya. Akahesabu kwa vidole.

"Umekiomba lini hiki?"

"Jana asubuhi, Mwalimu."

"Na kikatoka lini?"

"Jana asubuhi."

 Lori likabadili gia. Hakunitazama alipouliza.

"Ile ya kwanza ilikaa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa maneno mengi. 

"Kwenye droo yangu."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilitaka kwenda mimi."

Alikikunja kibali, akakirudisha mfukoni, akageuza uso upande wa shamba. Hakusema tena mpaka Kasulu. Zilikuwa saa nne. Nilitamani tupinduke.

Tulifika saa nane. Uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu, mtu mmoja anafagia. Sista yuleyule akatoka, akamwona mzee, akaniona na mimi, akafunika mdomo. Wameondoka asubuhi saa mbili. Ndege ya Kigoma imetangulizwa siku moja, walipata habari jana jioni. Bruda alikataa kupanda gari mpaka walipomshika mkono. Ameacha bahasha.

Kibali kinafika Kasulu tu. Kigoma ni mbali, na ndege ilikuwa saa sita. Saa mbili nzima zilikuwa zimepita tangu iruke.

Mwalimu aliomba kuingia kanisani. Vile viti vinne vilikuwa bado mbele. Akakaa kwenye kimoja cha wapigaji, si kile cha jina lake kilichokuwa kando. Akafungua bahasha. Ukurasa mmoja wa nota, karatasi ya njano, mwandiko wake mwenyewe wa ujana. Hakulia. Aliisoma kama mtu anavyosoma barua, kutoka juu hadi chini, na vidole vya mkono wa kushoto vikicheza juu ya mkono wa koti. Midomo inatembea bila sauti. Mimi nilisimama karibu na nguzo. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule. Yeye, aliyeuandika, hajausikia ukipigwa na mwingine hata mara moja.

Nilipiga magoti pale pale. Nikasema nisamehe.

"Simama," akasema. "Hapa ni mahali pa watu."

Nikasimama.

"Nilikufundisha mimi," akasema baadaye. Hakupandisha sauti. "Nisingekufundisha, usingetaka." Kisha akasema, "Nenda ukatafute lori la kurudi, Karani."

Siku zote aliniita mwanangu.

Jumatano, 29 Julai

Tumerudi. Alikaa mbele na dereva. Mimi nyuma. Aliteremka kwenye njia panda ya kambini, akamshukuru dereva, akaenda. Koti alikuwa amelivua.

Nimemweleza Mama yote. Hakusema Imana irabizi. Alinitengea ugali na samaki wa migebuka, akaketi mbali.

Alhamisi, 30 Julai

Hakuja. Kwaya ilingoja mpaka saa kumi. Mwenyekiti akaanza tena kuwasema wa ofisi ya kambi. Nikasimama mbele ya wote nikasema si wao, ni mimi. Nikaeleza. Mtu akaguna. Mwanamke niliyesimama naye bega kwa bega kwa miaka tisa alihamisha kitabu chake akasogea.

Nastahili. Lakini kuandika nastahili hakupunguzi kitu.

Alhamisi, 6 Agosti

Hakuja.

Jumanne, 11 Agosti

Nimemwambia Paroko niko tayari kuacha kazi. Amesema kuacha ni rahisi, nani atachapa vyeti? Ila karatasi zote za kambini sasa zinapita kwa Sista, si kwangu. Amehamisha na muhuri. Ni sawa. Kuna ahueni ndogo katika kutoaminiwa. Mtu hubaki na kazi ndogo na kuifanya.

Alhamisi, 13 Agosti

Hakuja. Tumejaribu wimbo wa Kupalizwa kwa Bikira Maria bila yeye. Sauti ya pili tulipotea wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimeota selo. Sikuwa kanisani, nilikuwa shambani, na ilikuwa inatoka chini ya udongo. Niliamka nimefurahi. Ndipo nikakumbuka. Inaniudhi kwamba bado ni nzuri. Nilidhani ningenyang'anywa hata kumbukumbu, kwa kuwa niliipata kwa wizi. Sikunyang'anywa. Ipo yote, nota kwa nota, hasa ule wa ng'ombe. Natembea nao. Ningempa mwenyewe kama ingekuwa kitu cha kushikika.

Alhamisi, 27 Agosti

Amekuja.

Hakueleza. Aliegemeza baiskeli, akaandika kwenye ubao, akatufanya tuanze upya tangu mwanzo wa kitabu. Kwangu alisema maneno matano, kama kwa wengine wote. Sauti ya pili, shusheni kidogo. Tukashusha.

Nilijua nilichokuwa natafuta usoni kwake. Hakikuwepo. Hata hasira haikuwepo. Alikuwa mwalimu.

Alhamisi, 10 Septemba

Mawingu upande wa mashariki, ya kwanza mwaka huu. Mama amekwisha safisha shamba la juu.

Baada ya kwaya wenzangu walitoka. Nilibaki kupanga mabenchi. Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Akasema bila kugeuka, "Ule mstari wa sita. Alipiga kwa mwendo gani?"

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikamwambia. Alipunguza. Alipunguza sana, mpaka nilidhani amesahau, akangoja, ndipo akashuka.

"Mimi sikuandika apunguze."

"Alipunguza, Mwalimu."

"Niimbie."

Nikaimba. Sauti yangu ilikuwa mbaya, imekauka. Alisimama na kitambaa cha ubao mkononi, chaki inamdondokea kwenye viatu. Alinisimamisha mara mbili. Hapo, alivuta au alikata? Alivuta. Na hapo, alikuwa laini? Laini, karibu haisikiki. Nikaimba mpaka mwisho. Akaniomba nirudie mstari wa sita peke yake. Nikarudia.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema ndivyo mama yake alivyokuwa akingoja, pale getini, lakini wakati ule hakujua jinsi ya kuandika kungoja.

Akakunja kitambaa, akakiweka juu ya ubao. "Haya, Karani," akasema. Akachukua baiskeli.

Hajanisamehe. Sijaomba tena. Nilifunga madirisha ya kanisa, yote kumi na mawili, nikatembea nyumbani kabla ya mvua. Mvua haikunyesha. Tulikula maharage ya jana, mimi na Mama, nje, mlangoni.